Tumbo Lililoumia kwa Ndani: Daktari wa Upasuaji Awajibu Wasomaji

Sehemu kubwa ya barua zilizofika mezani pangu mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni tumbo lililoumia kwa ajali, kwa kisu au kwa kuanguka. Nimefanya kazi ya upasuaji katika Kanda ya Ziwa, Tanzania, kwa miaka mingi, na majeraha ya namna hii ndiyo yaliyoniamsha usiku kuliko ugonjwa mwingine wowote, kwa hiyo nimeona vema safu nzima ya toleo hili niiachie barua hizo. Majina ya walioandika tumeyaondoa.

Shikamoo Daktari. Mdogo wangu alikuwa dereva wa bodaboda. Jioni moja aligongwa na gari dogo, akaangukia usukani wa pikipiki yake. Aliinuka mwenyewe, akarudi nyumbani, akala ugali na kulala. Tumboni alikuwa na mchubuko tu. Usiku alilalamika maumivu ya bega la kushoto, tukamchua kwa dawa. Alfajiri alizimia, na tulipofika hospitali alikuwa ameshafariki. Tuliambiwa tumbo lilikuwa limejaa damu. Mtu anawezaje kutembea na kula huku damu inamwagika ndani? (Msomaji, Sengerema)

Marahaba, na pole sana kwa msiba. Kabla ya yote nakuomba uliondoe moyoni wazo la kwamba mlizembea. Mliyemwona ninyi ni mtu anayetembea, anayekula na anayezungumza, na wapo hata wahudumu wa afya ambao wangemwona hivyo hivyo wakamruhusu arudi nyumbani.

Kwa maelezo yako, hasa lile bega la kushoto, nadhani kilichopasuka ni bandama, ambayo wengine huiita wengu. Kiungo hiki kimejificha chini ya mbavu za mwisho upande wa kushoto. Kwa mtu mzima mwenye afya hukaribia ukubwa wa ngumi yake, ni laini kama ini, na damu hupita ndani yake kwa wingi usiku na mchana. Katika maeneo yetu yenye malaria wapo watu wengi ambao bandama zao zimevimba bila wao kujua, na bandama iliyovimba hupasuka kwa pigo ambalo lingemwacha mtu mwingine na mchubuko tu.

Mtu mzima ana damu inayokaribia lita 5. Mwili wa kijana unapoanza kupoteza damu hujibana: mishipa ya ngozi, mikono na miguu husinyaa ili damu iliyobaki iende kwenye ubongo na moyo, na moyo wenyewe huongeza mwendo. Kwa njia hiyo presha inaweza kubaki ya kawaida hadi damu iliyopotea ikaribie theluthi, yaani kama lita 1 na nusu, kisha ikaporomoka kwa ghafla kiasi kwamba ndugu husema alikuwa mzima dakika ile ile. Tumbo nalo lina nafasi kubwa, na damu nyingi inaweza kujikusanya humo bila tumbo kuonekana limevimba. Zaidi ya hayo, bandama ina ganda lake jembamba. Mara nyingine hupasuka chini ya ganda hilo, damu ikazuiliwa kwa saa kadhaa au hata siku kadhaa, halafu ganda likaachia mgonjwa akiwa amelala nyumbani kwake.

Lile bega, kwa dhana yangu, halikuwa na jeraha lolote. Damu inapogusa kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, maumivu hupita katika neva inayoanzia shingoni, mahali zinapoanzia pia neva za bega, na ubongo hushindwa kutofautisha. Kwa sababu hiyo, mtu aliyegongwa tumboni au mbavuni akilalamika bega, na bega lenyewe likishikwa halina uvimbe wala haliumi, asichuliwe, bali apelekwe hospitali usiku huo huo.

Namkumbuka kijana mmoja aliyeletwa kwetu kwa bajaji mnamo saa tatu usiku. Alikaa kwenye benchi akizungumza na simu, na foleni ilikuwa ndefu. Aliyeshtuka ni muuguzi wa zamu, kwa sababu kijana yule aliomba maji ya kunywa mara tatu ndani ya muda mfupi, na muuguzi alipomshika kiganja alikikuta cha baridi na kimelowa jasho. Presha yake ilikuwa 110 kwa 70, ambayo ingempendeza yeyote, lakini mapigo ya moyo yalikuwa 128 kwa dakika. Tulipomfungua tulikuta zaidi ya lita 2 za damu. Aliishi, na hadi leo naamini aliyemwokoa ni muuguzi yule aliyemshika kiganja kabla ya kipimo chochote.

Basi watu wa nyumbani waangalie mambo hayo hayo: kiu isiyoisha, viganja vya baridi, mapigo yanayokwenda mbio, kutotulia, kizunguzungu mgonjwa anaposimama, tumbo linalokakamaa au maumivu yanayosambaa. Kuangaliwa mara moja nako hakutoshi. Hospitalini siku hizi tunatumia ultrasaundi hapo hapo kitandani, tukitazama sehemu nne: kuzunguka moyo, kati ya ini na figo ya kulia, kati ya bandama na figo ya kushoto, na chini katika nyonga karibu na kibofu. Kipimo hicho huchukua dakika chache na huonyesha damu ikishajikusanya kiasi cha kutosha. Kikifanywa mapema mno kinaweza kutoonyesha kitu, na utumbo uliotoboka kinaweza kuukosa kabisa. Ndiyo sababu hukirudia, na ndiyo sababu mkono wa daktari unapaswa kurudi kwenye tumbo lile lile kila baada ya saa chache, ikiwezekana mkono wa daktari yule yule.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii mkoani Simiyu. Ningependa kujua ni akina nani hasa wanaoumia tumbo katika nchi kama yetu, na kama viungo vinavyoumia hutofautiana kulingana na chanzo cha jeraha.

Walio wengi ni wanaume vijana, wale ambao familia nzima inawategemea, na chanzo kikuu ni barabara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na vifo zaidi ya 9 katika kila 10 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwetu sisi pikipiki zimebadilisha sura ya wodi za upasuaji katika miaka hii ambayo bodaboda zimeenea hadi vijijini.

Chanzo cha jeraha hutuelekeza mahali pa kutazama. Pigo butu, kama la kugongwa au kuanguka, huumiza zaidi bandama na ini. Usukani wa pikipiki au wa baiskeli ukizama katika kitovu cha tumbo hulibana kongosho na utumbo wa mwanzo dhidi ya uti wa mgongo, na jeraha hilo ni la hila kwa sababu siku ya kwanza huwa kimya, kisha mgonjwa hurudi baada ya siku mbili au tatu akitapika na homa juu. Huwaona watoto wengi walioanguka na baiskeli wakiwa na alama ndogo ya duara tumboni, na alama hiyo haiondoki akilini mwangu mpaka siku kadhaa zipite. Mkanda wa gari huokoa maisha na ninawasihi watu wote waufunge, ila ukipita juu ya tumbo badala ya kukaa kwenye mifupa ya nyonga unaweza kupasua utumbo mwembamba. Nyonga iliyovunjika huambatana na majeraha ya kibofu na mrija wa mkojo, na hapa nina neno kwa wasafiri wa mabasi ya masafa marefu: kibofu kilichojaa hupasuka kwa urahisi kuliko kitupu, kwa hiyo basi linaposimama kwa ajili ya kujisaidia, shuka.

Kisu, panga, mkuki na mshale mara nyingi hutoboa utumbo mwembamba, kwa kuwa ndio unaojaza sehemu kubwa ya tumbo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba jeraha la kifuani, chini ya usawa wa chuchu, linaweza kuwa limeingia tumboni, kwani mtu anapotoa pumzi kiwambo hupanda hadi kufikia usawa huo. Mtu aliyechomwa ubavuni asishonwe juu juu zahanati na kurudishwa nyumbani.

Huko kwenu Simiyu, na Usukumani kote, mnaishi na ng'ombe, kwa hiyo mnaijua pembe ya fahali. Jeraha lake kwa nje huwa tundu dogo, lakini pembe ikishaingia fahali hutikisa kichwa, na uharibifu wa ndani hupanuka kuliko tundu lile, tena pembe ina uchafu wa zizini. Pwani tunawapokea wakwezi walioanguka minazini. Halafu kuna kundi lisilosemwa, la wanawake waliopigwa mateke na waume zao, ambao hufika wamechelewa na kusema waliteleza kisimani. Kwa mwanamke mjamzito aliyepigwa tumboni, kondo la nyuma linaweza kubanduka kabla ya mtoto kuzaliwa, hata kama ngozi haina alama. Wewe unayeingia majumbani, naomba umuulize akiwa peke yake, kwa sauti ya chini, na umwelekeze hospitali bila kumlazimisha kukupa hadithi nzima.

Katika ugomvi wa mnadani kijana alichomwa kisu na utumbo ukatoka nje. Watu waliuosha kwa maji ya ndoo, wakaurudisha ndani kwa vidole na kumfunga kitenge kwa nguvu. Je, walifanya sahihi? (Msomaji, Tarime)

Walifanya kwa huruma, lakini hawakufanya sahihi. Utumbo uliotoka ukirudishwa kwa vidole huenda ukaingia umejipinda, au ukabanwa na tundu dogo la jeraha hadi ukakosa damu na kuoza, na uchafu wa nje huenda nao hadi ndani. Kilichotakiwa ni kumlaza chali na magoti yamekunjwa ili misuli ya tumbo ilegee, kuufunika utumbo kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi, kisha kuzungushia kitenge juu yake bila kukaza. Kitambaa kisiachwe kikauke njiani, maana utumbo uliokauka huharibika.

Kisu, mshale au kijiti kilichobaki ndani kisichomolewe, kwa sababu mara nyingi chenyewe ndicho kinachoziba mshipa uliokatika. Mshale wenye miiba, ukivutwa, hukata kwa mara ya pili. Mgonjwa asipewe chai ya sukari, uji wala maji, hata akiomba kwa machozi. Atahitaji nusukaputi, na chakula kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa usingizini. Akifika hospitali atapewa pia kinga ya pepopunda.

Tulipomfikisha ndugu yetu hospitali tuliambiwa kwanza tukachukue PF3 polisi. Baadaye hospitali ya wilaya ikampa rufaa kwenda mkoani, safari ya saa nne. Je, huo ndio utaratibu? (Msomaji, Geita)

PF3 ni fomu ya polisi ya kumbukumbu ya aliyejeruhiwa, na ina kazi yake mahakamani na katika madai ya bima ya ajali, kwa hiyo msiidharau. Lakini mtu anayevuja damu hutibiwa kwanza. Mmoja wenu aende polisi, wengine wabaki na mgonjwa, na mkiambiwa dripu haitawekwa hadi fomu ifike, ombeni kwa heshima kumwona mganga mfawidhi au daktari wa zamu na mumweleze hali ilivyo.

Kuhusu rufaa, nasikitika pamoja nanyi. Mwaka 2015 tume ya kimataifa iliyoandika katika jarida la The Lancet kuhusu upasuaji ilitaja aina 3 za upasuaji ambazo hospitali ya ngazi ya kwanza inapaswa kuzimudu, nazo ni upasuaji wa kujifungua, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi, na ikashauri watu wawe ndani ya mwendo wa saa 2 kutoka mahali zinapofanyika. Zipo hospitali za wilaya ambako madaktari wasaidizi hufungua tumbo usiku na kuokoa watu kwa ustadi mkubwa. Na zipo ambako mtaalamu yupo lakini mtoa nusukaputi hayupo, au wote wapo na damu haipo. Mgonjwa anayevuja damu kwa kasi hafai kusafirishwa saa nne kama kuna mtu hapo anayeweza kuifunga damu hiyo. Anaweza kufunguliwa, sehemu inayovuja ikakandamizwa kwa vitambaa vya upasuaji, tumbo likafungwa kwa muda, ndipo akapelekwa mbele kumaliziwa kazi. Hilo ni tiba kamili inayokubalika, wala si kazi iliyoachwa nusu.

Mwanangu wa miaka 9 alianguka kutoka kwenye mwembe. Ultrasaundi ilionyesha ini limepasuka na kuna damu tumboni, lakini madaktari hawakumfanyia upasuaji. Alilazwa siku saba akitazamwa tu. Amepona, namshukuru Mungu, lakini majirani wanasema tulipuuzwa kwa kuwa hatukuwa na fedha. Naomba ukweli. (Mama wa watoto wanne, Tanga)

Ukweli, mama, ni kwamba mwanao alitibiwa kwa njia ambayo leo ndiyo inayopendekezwa kwa watoto walio wengi wa aina yake, na huko kutazamwa tu kulikuwa kazi nzito kuliko majirani wanavyodhani.

Zamani sisi madaktari wa upasuaji tulifundishwa kwamba damu tumboni maana yake ni kisu cha upasuaji. Baadaye, kwa kuwafuatilia watoto hasa, ilionekana kwamba ini na bandama zilizopasuka mara nyingi huwa zimeshaacha kuvuja zenyewe wakati mgonjwa anapofunguliwa, na kwamba kufungua tumbo kunaweza kuondoa bonge la damu lililokuwa limeziba jeraha na kuamsha uvujaji upya. Ini lina uwezo mkubwa wa kujiponya, na damu iliyomwagika hunyonywa na mwili taratibu. Mgonjwa ambaye presha na mapigo yake yametulia, tumbo lake halina dalili za utumbo kutoboka, na anajitambua vizuri, anaweza kuachwa bila kupasuliwa.

Naamini ulimwona muuguzi akija usiku kucha, pengine kila saa mwanzoni, kupima mapigo, presha na pumzi, na kuandika mkojo uliotoka. Ulimwona daktari akilibonyeza tumbo lile lile asubuhi, mchana na usiku. Wingi wa damu ulipimwa tena na tena. Siku ya kwanza hakupewa chakula, kwa sababu kama mambo yangegeuka angeingizwa chumba cha upasuaji ndani ya dakika chache. Laiti mapigo yangepanda na kubaki juu, au damu ikaendelea kushuka licha ya kuongezewa, au tumbo likakakamaa na homa ikaja, angepasuliwa saa hiyo hiyo.

Sharti la njia hii ni jicho lisilolala. Hospitali kubwa zenye kipimo cha CT, kinachopiga picha za ndani ya mwili tabaka kwa tabaka, huweza kuona mpasuko una kina gani. Kwingine tunategemea ultrasaundi na mikono yetu. Lakini wodi yenye muuguzi mmoja kwa wagonjwa sitini, isiyo na maabara ya usiku wala damu iliyohifadhiwa, haina haki ya kusema inamtazama mgonjwa, na mahali kama hapo mimi huchagua kumhamisha mapema akiwa bado imara au kumfungua. Mtoto aliyepuuzwa ni yule anayelazwa bila kuguswa hadi asubuhi.

Kwa sasa asipande miti, asicheze mpira wala kubebwa kwenye baiskeli kwa miezi 2 hadi 3, au kwa muda alioagiza daktari wake. Akipata macho ya njano, choo cheusi kama lami, homa au maumivu mapya ya tumbo, mrudishe bila kungoja siku ya kliniki.

Baba yangu aligongwa na lori akapasuliwa. Tuliambiwa kwamba kwa kuwa damu ya kundi lake haikuwepo, walichota damu iliyokuwa tumboni mwake na kumrudishia. Tulishtuka. Je, ni salama? (Msomaji, Kigoma)

Ni salama ikifanywa kwa masharti yake, na nimeifanya mwenyewe. Damu iliyotoka muda mfupi uliopita huchotwa kwa chombo kilichochemshwa, ikachujwa kwa tabaka kadhaa za shashi, ile ambayo wauguzi huiita gozi, ikaingia kwenye chupa au mfuko wenye dawa ya kuzuia isigande, kisha ikarudishwa kwenye mshipa wa mkono. Ni damu yake mwenyewe, kwa hiyo haina shida ya kundi wala maambukizi ya mtu mwingine, na ina joto la mwili. Haifai pale utumbo unapokuwa umetoboka, kwa sababu hapo imechanganyika na kinyesi, wala haifai ikiwa imekaa tumboni kwa muda mrefu.

Ipo pia dawa ya asidi ya traneksamiki, inayosaidia damu kuganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba inapunguza vifo vya watu wanaovuja damu kwa sababu ya majeraha, na uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba faida hiyo hupatikana ikitolewa ndani ya saa 3. Inaweza kutolewa hata katika kituo cha afya kabla ya rufaa, na ningependa kuiona katika kila kabati la dharura.

Hata hivyo hakuna kinachochukua nafasi ya damu iliyo tayari kwenye jokofu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama unategemea watu wanaochangia kwa hiari kabla ya ajali kutokea. Ndugu anayechangia usiku akiwa analia anasaidia, lakini damu yake lazima ipimwe kwanza, na mgonjwa wetu mara nyingi hana saa hizo.

Mimi niliondolewa bandama miaka miwili iliyopita baada ya ajali. Niliruhusiwa bila maelezo mengi. Je, ninaweza kuishi bila kiungo hicho? (Msomaji, Morogoro)

Unaweza, na kwa miaka mingi, lakini kuna mambo ulipaswa kuambiwa siku ile unatoka wodini, na nasikitika kwamba hukuambiwa. Bandama husafisha damu na kukamata aina fulani za bakteria, hasa zile zenye ganda kama zinazoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1952 madaktari wa Marekani walieleza jinsi watoto wachanga walioondolewa bandama walivyopatwa baadaye na maambukizi makali ya damu, na tangu hapo tumeanza kujitahidi kuihifadhi bandama kila inapowezekana. Maambukizi hayo hutokea kwa wachache, lakini yakitokea huanza kama mafua au homa ya kawaida asubuhi na yanaweza kuua kabla ya siku inayofuata kwisha.

Kwa hiyo nenda hospitali ya rufaa uulizie chanjo tatu za kukukinga na bakteria hao wa nimonia na homa ya uti wa mgongo: ya nyumokoka, ya meningokoka na ya Hib. Kwa kawaida hutolewa kama wiki 2 baada ya upasuaji wa dharura, ila kuchelewa si sababu ya kuacha. Homa yoyote kwako ni dharura. Usimeze panado ukasubiri kesho. Muulize daktari wako akuandikie antibayotiki ya kuweka nyumbani, uanze kuimeza wakati unatafuta usafiri. Malaria nayo humlemea zaidi mtu asiye na bandama, hivyo lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata msimu wa kiangazi, na ukiumwa na mbwa usichelewe kutibiwa. Andika kwenye kikaratasi maneno "Sina bandama" na ukiweke pamoja na kitambulisho chako, ili hata ukifika hospitali hujitambui, atakayekupokea ajue.

Daktari, mume wangu alipigwa risasi na majambazi. Utumbo mpana ulitoboka, na sasa haja kubwa inatokea tumboni kwenye mfuko. Hataki kutoka nje, hataki kula na sisi, anasema afadhali angekufa. Je, hali hii ni ya kudumu? (Mke, Kahama)

Pole mama, na mfikishie salamu zangu. Kwa majeraha ya aina hii, mara nyingi si ya kudumu. Utumbo mpana ukitoboka kwa jeraha dogo na mgonjwa akafika mapema, siku hizi tunashona moja kwa moja. Lakini uharibifu ukiwa mkubwa, au kinyesi kikiwa kimesambaa kwa saa nyingi, mshono huweza kuachia na kumuua. Daktari aliyeutoa utumbo nje aliupa mshono nafasi ya kupona. Kwa kawaida utumbo hurudishwa ndani baada ya miezi 2 au 3 au zaidi, mgonjwa akiwa amerudisha uzito na vidonda vimekauka, na ndiyo sababu kula kwake sasa ni sehemu ya tiba.

Ngozi inayozunguka ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, ikaushwe kwa kubonyeza bila kusugua, na ipakwe marhamu ya zinki iwapo inachubuka, mahali ambapo mfuko haugusi. Tundu la mfuko likatwe lilingane na utumbo, lisiachie ngozi nafasi ya kuguswa na kinyesi. Mifuko ikikosekana au ikiwa ghali, muulizeni muuguzi wa wodi ya upasuaji, kwa maana wengi wao wamebuni namna ya kutumia mifuko ya plastiki na kitambaa kinachofuliwa. Vyakula vinavyoleta gesi, kama maharage na kabichi, apunguze siku anazotaka kwenda msikitini, kanisani au kikaoni. Utumbo ule mwekundu hauna neva za maumivu ya mguso, kwa hiyo hata wewe unaweza kumsaidia kuusafisha bila hofu ya kumuumiza. Kaa naye mara ya kwanza, ushike beseni, na mkimaliza mleteeni sahani yake mahali mnapokula ninyi wote.